Baba mkwe ameshaahidi kura zetu zote kwenye mchujo

SWALI

Dada mshauri, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa katika boma moja kubwa upande wa magharibi mwa Kenya. Jambo ninaloandikia huenda wengine wakaliona dogo, lakini limeninyima usingizi na limeanza kunitenganisha na mume wangu. Ni kuhusu kura za mchujo wa chama.

Bomani kwetu tuko watu wazima saba wenye vitambulisho: Baba na Mama (wakwe zangu), mume wangu, shemeji na mkewe, mimi, na binti yangu wa kwanza ambaye ametimiza miaka 18 juzijuzi. Tangu niolewe, kila msimu wa mchujo ukikaribia Baba hutuita sebuleni baada ya chakula cha jioni. Anatutajia nani tutampa tikiti ya wadi, nani ya ubunge, nani ya ugavana, sisi tunaitikia, mkutano unaisha. Mchujo wa 2017 na ule wa 2022 ulipita hivyo, na kusema kweli haikuniuma, kwa sababu sikuwa na mtu wangu.

Safari hii ninaye. Kiti cha wadi kinatakwa na binamu ya mume wangu, mtoto wa dada yake Baba. Anaishi mjini, na tukimwona huku mara nyingi ni kwenye matanga. Sina ubaya naye. Lakini kuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye mwekahazina wa kikundi chetu cha akina mama, naye pia anataka tikiti hiyo hiyo. Pampu ya kisima chetu ilipoharibika, yeye ndiye aliyekwenda ofisi za kaunti na barua mkononi, akirudishwa na kurudi tena, mpaka fundi akatumwa. Kila mwisho wa mwezi hutusomea hesabu za kikundi kwa sauti hadi shilingi ya mwisho, na siku akichelewa mkutanoni husoma faini yake mwenyewe kama anavyosoma za wengine. Mtu kama huyo ndiye ningependa ashike pesa za wadi.

Wiki chache zilizopita mpiga debe wa binamu alikuja nyumbani na daftari. Akakaa, akalifungua kwenye goti, akamuuliza Baba, "Mzee, hapa niandike ngapi?" Baba akasema, "Saba." Yule kijana akaandika jina la Baba, kando yake akaandika 7 na kuizungushia duara. Halafu akaomba nambari za vitambulisho, Baba akaagiza vyote viletwe. Binti yangu alikuwa ameleta chai. Alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama, hata mimi niko ndani ya hiyo saba?" Nilikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo vitambulisho vimewekwa kwenye sanduku la Baba, ati visipotee kabla ya mchujo. Changu kilipelekwa na mume wangu.

Nilipomweleza mume wangu kwamba kwa kiti cha wadi nina mtu mwingine, alikasirika. Alisema nyumba ikigawanyika wadi nzima itajua, na aibu itamwangukia yeye mbele ya babake. Akasema penye wazee haliharibiki neno. Akaongeza kwamba nilikuja pale kuwa mke, sikuja kufanya siasa. Hajawahi kunipiga wala kunitukana, na mambo mengine ya nyumba tunashauriana vizuri. Hili tu ndilo limetushinda.

Mke wa shemeji ananiambia nikubali kwa mdomo, nikifika kwenye karatasi nifanye nitakalo. Lakini Baba amesema mara hii kila mmoja atasimama na kutamka. Mama naye macho yamepungua nguvu, na Baba ndiye humsaidia kuweka alama.

Je, nikimpa kura mwalimu nitakuwa nimemkosea heshima baba mkwe? Niseme wazi au ninyamaze? Kitambulisho nitakipataje bila vita? Na binti yangu nimwambie nini?

Kura Mojawapo ya Saba, Magharibi mwa Kenya


JIBU

Mama, nitaanza na kitambulisho kwa sababu hakistahili kusubiri hata wiki moja.

Kitambulisho ni chako na kimeandikwa jina lako. Ndicho unachohitaji ukienda hospitalini, benki, kwa wakala wa M-Pesa, au kumwandikisha mtoto jambo lolote la serikali. Huna haja ya kutaja siasa unapokiomba. Mwambie mume wako leo hii: "Naomba unichukulie kitambulisho changu na cha mtoto, tunavihitaji." Ni kweli mnavihitaji. Mpitishie yeye, kwa kuwa ndiye aliyekipeleka; ukienda mwenyewe kwenye sanduku la baba mkwe utaanzisha ugomvi mwingine kabisa. Wakikataa waziwazi ili usipige kura, hilo si suala la heshima ya wazee tena, na ofisi ya chifu ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Sidhani mtafika huko. Wazee wengi wanaokusanya vitambulisho huvirudisha wakiombwa kwa adabu, kwa sababu wenyewe wanajua hawana sababu ya kuvishika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile nambari zilizoandikwa kwenye daftari. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipigwa na butwaa kuona majina yao kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Sheria ya Vyama vya Siasa hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na baada ya marekebisho ya 2022, chama kikifanya mchujo wa moja kwa moja wanaopiga kura ni wanachama walio kwenye rejista yake. Kwa hiyo ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, uangalie jina lako limeandikwa wapi. Angalia na la binti yako. Mkijikuta mmesajiliwa mahali msipopataka, mna haki ya kujiuzulu kwa maandishi. Hili lifanyeni mapema, maana siku za mwisho kila mtu hukumbuka mambo haya kwa pamoja.

Ukiwa hapo, ulizia pia kama chama chenu kitapiga kura kweli. Marekebisho hayo ya 2022 yaliruhusu vyama kuteua wagombea kupitia wajumbe badala ya wanachama wote. Mwaka huo huo wagombea wengi walipewa tikiti za moja kwa moja, wananchi wakabaki na kampeni walizozifanya bila karatasi ya kupigia. Itakuwa huzuni kubwa mkigombana nyumbani kwa ajili ya mchujo ambao utaamuliwa na wajumbe. Na kama ni wajumbe, basi swali lenu linakuwa jingine: ni nani mjumbe wa eneo lenu, na alichaguliwa lini?

Sasa nije kwenye heshima, ambayo naona ndiyo iliyokushika zaidi.

Kuchagua mtu tofauti na wa baba mkwe si kumkosea heshima. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kufanya uamuzi wake wa kisiasa na kupiga kura kwa siri. Haki hiyo haikupewa boma, ukoo wala mwenye nyumba. Na siri hiyo ina historia katika nchi yetu ambayo baba mkwe wako, kwa umri wake, huenda anaikumbuka kuliko sisi. Mwaka 1988 KANU, kikiwa chama pekee, kilifanya uteuzi kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa, hakungoja uchaguzi mkuu. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga mpango huo tangu ulipopendekezwa mwaka 1986. Watu waliona foleni ndefu zikitangazwa fupi na foleni fupi zikitangazwa ndefu, na mwishoni mwa 1990 chama chenyewe kikaufuta.

Fikiria foleni hiyo ilivyokuwa kwa mke. Mume yuko hapa, mkwe yuko pale, chifu anatazama, na miguu yako ndiyo inayosema umechagua nani. Mwanamke aliyekuwa na mtu wake alipaswa kuchagua kati ya kuutembeza uamuzi wake mbele ya kijiji kizima au kuumeza. Kusimamishwa sebuleni mmoja mmoja ili mtamke jina ni kuurudisha mlolongo ndani ya nyumba. Usimwambie Baba maneno haya kwa ukali, lakini ukipata nafasi muulize kwa upole alisimama foleni ipi mwaka 1988 na alijisikiaje. Wazee wengi wana kumbukumbu nzito za siku hizo, na huenda mazungumzo yakafunguka hapo kuliko kwenye jina la mgombea yeyote.

Hata hivyo nataka nimtendee haki baba mkwe wako. Anayofanya yana sababu. Mtu aliyeishi miaka mingi akiona barabara ikikata kona kuelekea kwa wenye mtu ofisini, na basari zikiwafikia watoto wa waliojulikana, hujifunza kwamba nyumba yenye kura nyingi zilizofungwa pamoja husikilizwa. Yeye anawatafutia nafasi kwa njia anayoijua. Na huyo anayegombea ni mtoto wa dada yake. Kumnyima ni mzigo kwake mbele ya ukoo. Ukimwona kama adui hutamwelewa, na hamtazungumza.

Kosa ninaloliona ni la mpangilio. Namba 7 iliandikwa kwenye daftari kabla binamu hajaulizwa swali hata moja. Mgombea aliyekwisha kuhesabu nyumba hana sababu ya kuitembelea tena, wala ya kuahidi, wala ya kujieleza. Atapeleka nguvu zake kwa nyumba ambayo bado haijaamua. Baba anadhani amempa mpwa wake deni la kulipa, lakini amempa zawadi ambayo huyo mpwa hakuitolea jasho. Nyumba ya watu saba ambao mgombea hajui watampigia nani ndiyo inayotafutwa usiku na mchana, na ndiyo yenye kauli. Hoja hii mume wako anaweza kuielewa bila kuona aibu, kwa sababu haimtaji mwalimu wala haimtukani binamu.

Kwa hiyo anza na mume wako, na iwe mkiwa wawili. Usiyaanzishe mbele ya watoto, wala wakati ametoka kwa babake. Yeye hajakwambia kwamba mwalimu hafai. Amekwambia ataaibika. Hofu yake ni babake, na ndiyo utakayoizungumzia. Mwambie hutasimama kumpinga Baba hadharani, hutampigia mwalimu debe langoni pa boma, na hutamwambia mtu yeyote umechagua nani. Kisha umwombe jambo moja: asikulazimishe kuahidi usichoamini. Umesema mambo mengine mnashauriana vizuri. Mtu anayeweza kushauriana na mkewe kuhusu karo na shamba anaweza kushauriana naye kuhusu kura, ila huenda hajawahi kumwona mtu akifanya hivyo nyumbani kwao. Na lile neno kwamba ulikuja kuwa mke tu, mrudie siku nyingine akiwa ametulia, umwambie lilikuumiza. Usiliache lilale.

Baadaye, mume wako akikubali, yeye mwenyewe amwombe Baba kwamba kile kikao cha sebuleni kiendelee, lakini kiwe cha kusikiliza. Mimi siungi mkono nyumba zinazokwepa mazungumzo ya siasa kabisa. Watu hubaki na redio na uvumi wa sokoni. Nyumba ina faida kubwa hapa. Shemeji anajua ya stendi, wewe unajua ya kisima na kikundi, Baba anajua nani aliahidi nini miaka 20 iliyopita, binti yako anaweza kusoma na kutafuta kwenye simu. Mkae mjaribu kumpima kila mgombea kwa kazi yenyewe. Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, huidhinisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Zahanati, shule za chekechea, maji na barabara za kaunti viko chini ya kaunti. Basi muulize: kati ya hawa ni nani anayejua kuifuatilia pesa mpaka ione mwisho wake? Ni nani anapatikana pampu ikiharibika? Binamu naye apewe nafasi aje ajibu. Huenda ana mambo mazuri ambayo hamjayasikia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mwalimu naye asipimwe kwa kisima peke yake; kuongoza kikundi na kubishana kwenye bunge la kaunti ni kazi mbili.

Kumbuka pia kwamba mchujo una viti kadhaa. Kuna ugavana, useneta, uwakilishi wa wanawake, ubunge na wadi. Inawezekana kabisa ukakubaliana na Baba katika vinne na ukatofautiana naye katika kimoja. Mwambie hivyo mnapozungumza, kwa sababu ni kweli na kwa sababu litampunguzia hisia kwamba nyumba yake imebomoka.

Ikifika siku ya kusimama na kutamka, na haikuepukika, usiahidi uongo. Umeniandikia kwa sababu uongo huo unakukaba kooni, na sitakushauri uumeze. Lakini pia hulazimiki kutaja jina. Simama, uinamishe kichwa kama kawaida yako, useme: "Baba, nimekusikia na nimeyaweka maneno yako moyoni. Nitayapima, na kura yangu nitaipiga kwa kheri ya nyumba hii." Ukae. Hakuna uongo hapo hata neno moja. Akikubana zaidi, rudia yaleyale. Mume wako akiwa ameshaandaliwa, atajua kunyamaza.

Simlaumu mke wa shemeji. Kuna wanawake ambao kutamka "nitapima" kungewaletea kipigo au kufukuzwa, na kwao "ndiyo" ya mdomo ni ngao. Wewe umesema kwako hakuna hatari hiyo. Kama kuna msomaji wa safu hii ambaye kwake ipo, asijaribu ushauri wangu wa sebuleni. Anyamaze, apige kura yake kwa siri, na akitishiwa apige 1195, simu ya bure ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Na yeyote atakayekwambia upige picha ya karatasi uliyoiweka alama ili umwonyeshe, awe mpiga debe au jamaa, mkatalie. Siri hiyo ikishatoka kwenye simu yako hairudi.

Kuhusu Mama: mtu asiyeona vizuri anaweza kusaidiwa kupiga kura, lakini msaidizi ni yule anayemtaka mwenyewe, na kazi yake ni kuweka alama pale anapoambiwa. Kaa naye siku moja mnapochambua mboga, umuulize tu angependa nani amshike mkono safari hii. Akisema Baba, ni sawa. Lakini aulizwe. Inawezekana hajawahi kuulizwa tangu aolewe.

Na binti yako. Alikuuliza swali la haki, mjibu sawasawa: ndiyo, alihesabiwa, na haikupasa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Usimfiche kwa kumwonea babu yake haya. Mweleze kwa nini babu alifanya hivyo, kama nilivyokueleza mimi. Kisha nendeni pamoja ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge lenu ajiandikishe kuwa mpiga kura, kwa sababu kitambulisho peke yake hakitamwezesha kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na rejista ya chama ni kitu kingine na ya IEBC ni kitu kingine. Mkiwa njiani atakuuliza ampigie nani. Mweleze unavyomwona mwalimu na kwa nini, mweleze na mazuri ya binamu, halafu umwache achague. Akimchagua binamu, usimkasirikie wala usimbembeleze abadilishe.